Madam Aliyepiga Marufuku Salamu

Nianze kwa kumtetea kidogo, maana mbele nitamlaumu sana. Madam hakuwa mtu wa kunyima watu salamu. Ukienda Kakuma leo ukamtaja, wa kwanza utakayemuuliza atakuambia, "Si ni yule mama aliyekataza watu wasisalimiane?" na atacheka au atasonya, kutegemea kama yeye alipata kazi au alikosa. Mimi niliyekaa naye meza moja kwa miaka najua kwamba nje ya ofisi hakuna aliyemweza kwa salamu. Kabla hajatoka mlangoni akafika kwenye gari ungeweza kusonga ugali ukaiva. Ejok kwa mlinzi, ejok kwa wauza makaa, ejok kwa wazee waliokalia vigoda vyao kwenye kivuli cha ukuta, na kwa kila mmoja habari ya mbuzi, habari ya mvua ambayo haikunyesha, habari ya mtoto aliyekuwa akiharisha juzi. Dereva alizima injini akalala. Mwanamke huyo huyo ndiye aliyebandika kwenye mlango wa chumba cha usaili karatasi yenye herufi kubwa: HAPA HAKUNA SALAMU.

Alikuwa afisa wa ajira wa shirika letu, Mturkana wa Lokori mwenye nyumba Lodwar, na siku za kazi alikaa Kakuma. Wakubwa walimwita kwa jina lake. Sisi wengine tulimwita Madam, na ukisema Madam bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni nani. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Niliingia Kakuma nikiwa mgongoni mwa mama, tukitokea Kongo, nikasomea humo humo kambini hadi nikamaliza sekondari. Kazi yangu ilikuwa kumpangia maombi ya kazi, kuwaita watu waliosubiri nje kwenye jua, na kumtafsiria wa kwetu walipozungumza haraka.

Ndani ya kiondo chake mlikuwa na chupa ya maji, tumbaku aliyodhani hatuijui, na kitabu cha Sheria ya Ajira kilichochakaa hadi jalada likashonwa kwa uzi. Kile kifungu cha ubaguzi alikijua kwa moyo. Alikitamka kwa sauti ya kuimba kidogo, kama mtu anayehesabu mbuzi wakiingia zizini: rangi, jinsia, lugha, dini, siasa, utaifa, kabila, ulemavu, ujauzito. Akifika mwisho anapumua, halafu anakutazama juu ya miwani aone kama unataka kubisha. Neno lake lilikuwa moja: "Imeandikwa." Ukimwambia jua ni kali tuahirishe usaili, imeandikwa. Ukimwambia meneja amekasirika, imeandikwa. Kuna siku nilimwambia nina njaa akasema imeandikwa pia, na mpaka leo sijui kama alikuwa akinitania.

Shida zake nyingi alizitafuta mwenyewe. Alitaka, kwa mfano, wazee waielewe sheria hiyo kwa lugha yao. Ofisini kila kitu ni Kiingereza, na Kiswahili cha wazee wengi wa huku Lopur ni cha sokoni tu, kwa hivyo siku ya baraza alisimama akaeleza kwa Kiturkana. Alipofika kwenye ubaguzi akakwama. Akatafuta, akatafuta, mwishowe akaokota neno wanalotumia wachungaji wanapotenga mbuzi, wadogo wasinyonye, wagonjwa wasiambukize, wa kuuzwa wasiende malishoni. Kiturkana changu cha kambini kilinitosha kuona nyuso zikibadilika. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mwakilishi wa wenyeji kwenye jopo letu la usaili, akainua fimbo.

"Madam," akasema kwa Kiswahili, ili na sisi wageni tusikie, "mtu hawezi kutenga mbuzi, huyo ni mchungaji gani? Sheria yako inasema tukae tu, mbuzi yote iingie?"

"Inasema usitenge kwa sababu ya rangi ya mbuzi."

"Na kama mimi nataka ile nyeupe?"

"Basi utatoka kwa jopo yangu, mzee."

Watu walicheka, na mzee mwenyewe akacheka, lakini jambo halikuisha pale. Ikaenea kwamba shirika limeleta sheria ya kukataza watu kuchagua, na kwamba kazi sasa zitagawanywa ovyo. Wenyeji wakasema ni mbinu ya kuwapa wakimbizi kazi. Wakimbizi wakasema ni mbinu ya kuwapa wenyeji. Watu wa Kenya, kama wanavyoitwa huku wote waliotoka Kitale kwenda chini, wakasema ni mbinu ya kuwafukuza wao. Madam akaniuliza kama Wakongo tuna neno zuri zaidi. Nikamwambia sisi pia tunasema ubaguzi, na hakuna aliyeuacha kwa sababu ya neno.

Alikuwa na haki, na haki yake ilituchosha. Chumba cha usaili kilikuwa kontena yenye ngazi za chuma. Alipokuja mwombaji anayetembea kwa magongo, Madam alitoa jopo zima nje, meza na viti, na usaili wote wa siku hiyo, hata wa wasio na magongo, ukafanyiwa uwanjani kwenye vumbi. Meneja aliungua shingo. Haukupita muda fundi akaitwa kujenga mteremko wa saruji. Tangazo la mwendesha jenereta lilitaka "mwanamume mwenye nguvu". Akalifuta, akaandika "mtu anayeweza kuwasha jenereta", na mtu aliyeweza akawa mama mmoja wa Kalokol aliyezoea injini za mashua huko ziwani. Siku nyingine mjumbe wa jopo, bwana aliyekaribia kustaafu, alimuuliza dada mmoja aliyeomba ukarani kama anatarajia kupata mtoto hivi karibuni.

"Na wewe unatarajia lini?" Madam akamuuliza.

Yule dada akapata kazi, na mtoto akaja, na Madam akahakikisha amepewa likizo yake yote. Mambo kama hayo yalinifanya nimpende. Nayaandika mapema, kwa sababu nikikasirika huwa nayasahau.

Sasa salamu. Mwanzoni alifuta majina tu. Kwetu jina likishaandikwa habari imekwisha: ukiona Ekai unajua kabila, ukiona Wafula unajua, ukiona Mugisha unajua. Akawapa waombaji namba. Lakini jopo lilikuwa na ujanja wake. Mwombaji akiingia tu, mzee wa wenyeji alisema "Ejok", na jinsi ejok ilivyomrudia, urefu wake na uzito wake, ilimwambia mpaka mtu amekunywa maji ya kisima gani. Mwakilishi wa wakimbizi, mhubiri Mrundi mwenye sauti ya upole, alisalimia kwa Kiswahili cha kwetu akasubiri. Meneja alitabasamu akasema "Niaje", na aliyejibu "poa" kwa lafudhi ya Nairobi alipata alama hata za kompyuta asiyoijua. Kisha maswali yakaulizwa kwa heshima zote.

"Hawa wanamaliza intaviu kwa salamu," Madam aliniambia. "Hii ingine yote ni kupoteza wakati."

Akaamua kuweka pazia, mwombaji upande huu na jopo upande ule. Shirika halikuwa na pazia. Nikamwomba mama kikwembe chake cha ndege wa njano, kitenge chake kizuri kuliko vyote. Mama alikubali kwa sharti. "Siku ya Mungu munirudishie," alisema. "Niko navaa ku kanisa. Bantu ya Madam bajifiche siku ingine." Basi kila mwisho wa wiki nilikiteremsha kikwembe nikakipeleka nyumbani, na kila Jumatatu nikakirudisha kikinuka sabuni. Lakini kitambaa hakizuii sauti, na salamu zikapita kama kawaida. Ndipo Madam akabandika ile karatasi mlangoni.

Kama hujawahi kuishi Turkana huwezi kujua lilikuwa tusi la namna gani. Mtu ametembea kutoka mbali, amevaa shati la kuazima, ameketi mbele ya ndege wa njano, anasema hamjambo, na watu wazima anaowasikia wakikohoa hawamjibu. Wengine walidhani wameshafeli. Wengine walirudia salamu kwa kila lugha waliyoijua. Mama mmoja wa makamo, aliyekuja kuomba kazi ya upishi, alisalimia kwa Kiturkana, akasubiri, akasalimia kwa Kiswahili, akasubiri, kisha akainua kikwembe akawatazama walivyojifunga midomo. Akanigeukia mimi.

"Hapa kuna matanga?"

"Hapana mama, ni intaviu."

"Basi hii watu imekufa na hakuna mtu ameiambia."

Akaondoka. Kwa maelezo ya kila aliyewahi kula chakula chake, hatujawahi kupata mpishi wa kumfikia. Madam alimfuata mpaka barabarani, akamsalimia kwa kirefu, akamwomba radhi, akamsihi arudi. Hakurudi. Siku ile Madam hakugusa chakula, na kila aliyemsemesha alijibiwa kwa mkato. Lakini karatasi hakuibandua. Nilimwambia kwamba sheria aliyoibeba haisemi chochote kuhusu salamu. Akasema sheria haisemi chochote kuhusu dari pia, na bado tunaiweka ili jua lisituue. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi kwake: alikuwa amekosea, na huwezi kumshinda.

Kuna kanuni nyingine sijaitaja, na ndiyo iliyonimaliza. Yeyote kwenye jopo aliyemjua mwombaji alipaswa kutoka nje mpaka usaili wake uishe. Kwa miji kama Lodwar na Kakuma hiyo ni kanuni ya kuchekesha. Kila mtu ni shemeji wa mtu. Kuna siku walitoka mmoja mmoja mpaka mwombaji akabaki anajieleza kwa kikwembe. Madam mwenyewe aliifuata kuliko wote. Mtoto wa dada yake alikuja kutoka Lokori kuomba udereva. Ni dereva mzuri, amewahi kutuvusha lagani, kwenye mto wa msimu, maji yakiwa yamefika mlangoni mwa gari. Madam alitoka nje, wengine wakamchukua mtu mwingine, na dada yake akaacha kuzungumza naye. Nilipomuuliza kama haikumuuma, alisema imemuuma sana, kisha akaniambia nilete faili inayofuata.

Na bado mtu huyo huyo, nyumbani kwake Lodwar, msichana wa kazi alikuwa lazima atoke Lokori, tena ukoo wake. Nilikwenda pale mara kadhaa, na kila mara nilimkuta msichana mwingine, na kila mmoja alikuwa binti wa binamu. Nikamtania kwamba nyumba yake haina jopo.

"Nyumbani si ofisi."

"Imeandikwa wapi?"

Alinuna njia nzima, kutoka Lodwar mpaka Kakuma, akitazama vichaka vya mathenge dirishani. Tulipofika ndipo akasema, "Mtu ambaye analala kwangu na kushika watoto, lazima nijue mama yake." Nikamwambia hivyo ndivyo wasemavyo wote wanaotaka kuajiri ndugu zao. Akasema anajua.

Nilikuwa na haki ya kumtania kwa ukali kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa mwajiriwa. Sisi wakimbizi tulifanya kazi kwa kile kinachoitwa motisha. Si mshahara. Ni kitu kidogo cha kukushukuru, hata kama kazi ni ileile ya aliyeketi kiti cha pili, na wanaoijua Kakuma hawahitaji nieleze tofauti. Madam na mimi tulitumia meza moja na kalamu moja. Aliyekuwa akipigania kila mtu apimwe sawa alikuwa ameketi pembeni ya mtu asiyepimwa kabisa. Siku moja nilichukua kile kitabu chake nikaweka kidole kwenye neno.

"Madam, hapa pameandikwa utaifa."

"Endelea kusoma."

Nikaendelea. Mbele kidogo kulikuwa na maneno kwamba kumpa raia kazi kwa kufuata sera ya nchi si ubaguzi.

"Kwa hivyo mimi sibaguliwi."

"Hubaguliwi. Huna kibali ya kazi. Hiyo ni maneno mbili tofauti."

Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama sitakanyaga tena ofisi ile. Mama akaniambia, "Ile Madame haiko mubaya. Iko muntu ya sheria. Muntu ya sheria ni kama jiwe, unaweza ikalia lakini haiwezi kukuhurumia." Asubuhi nikaenda kazini kama kawaida, maana sikuwa na pengine pa kwenda.

Lakini siku ilipokuja kujulikana kwamba hata mkimbizi aliyesoma anaweza kuomba kibali cha kazi, aliyejua kwanza ni yeye, na aliyenishika mkono ni yeye. Alinipeleka Lodwar kwa gari la ofisi baada ya kunitafutia ruhusa ya kutoka kambini. Aliketi nami kwenye benchi la ofisi za serikali kutwa nzima, amevaa viatu vyake vya kufunika katika joto lile, na kila karani alipotuambia turudi kesho alitoa kitabu kwenye kiondo akamsomea. Tulirudi tena, na tena. Sijui mtu mwingine yeyote, ukimtoa mama, ambaye amewahi kunikalia benchi hivyo. Kibali kilipotoka alikishika kwanza yeye, akakisoma pande zote mbili, akasema, "Sasa."

Na sasa ilikuja kweli. Nafasi ikatangazwa: msaidizi wa afisa wa ajira, Kakuma, mkataba kamili, mshahara. Ilikuwa kazi yangu mwenyewe, niliyoifanya miaka yote ile, ikiwa hatimaye na kiti chake. Mama alianza kuongea juu ya mabati mapya na shule ya mdogo wangu. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, kuitwa mfanyakazi. Kwa kuwa jopo la Kakuma lote lilinijua, Madam alileta watu wapya kutoka ofisi ya Lodwar ambao hawajawahi kuniona wala kunisikia. Nilimfuata kwenye tangi la maji akijaza chupa yake.

"Madam, baki ndani. Usinipe hata alama moja. Keti tu."

"Ninakujua."

"Kila mtu hapa ananijua."

"Mimi zaidi," akasema, akafunga chupa.

Niliketi mbele ya kikwembe cha mama kama walivyoketi wote niliowahi kuwaita. Hakuna salamu. Sauti tatu upande wa pili, za watu wa Lodwar. Niliulizwa namna ya kupanga maombi, namna ya kutunza siri za waombaji, namna ya kumhoji asiyesikia. Nilijibu bila kusita, kwa Kiswahili safi cha shule, na nikaanza kuhisi kiti kikiwa changu. Kisha sauti moja ikauliza: waombaji wamepanga foleni nje, jua ni kali, mmoja amezirai. Utafanya nini?

Hilo lilinitokea mara nyingi. Nikaona sura ya mtu aliyeanguka, nikasahau shule. "Kwanza nitamtoa kwenye jua," nikasema, "nitamlegezea nguo, nimletee mayi."

Kwetu maji ni mayi. Ndivyo mama alivyoniita ninywe tangu nikiwa mdogo. Upande wa pili sauti ya kike ikarudia polepole, "Mayi?"

"Mayai," mwingine akasema. "Mtu amezirai, analetewa mayai."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya sana, walicheka kama watu waliochoka ambao wamepata kitu cha kuwachangamsha. Lakini nilisikia viti vikisogezwa na kalamu zikiwekwa mezani, na nikajua. Maswali yaliyofuata yalikuwa mafupi, yenye upole wa kumsindikiza mgeni. Mmoja aliniuliza nimekaa Kenya muda gani. Kazi alipewa kijana wa Lodwar, na mimi niliambiwa kwamba nimefanya vizuri, ila Kiswahili changu kina shida kidogo kwa kazi ya kuhudumia wenyeji. Nilipomweleza mama, alikunja uso kwa mshangao wa kweli. "Sasa ulipashwa kusema nini? Mayi ni mayi."

Madam hakunipa pole. Alifika kazini na kiondo chake, akaenda moja kwa moja kwa wakubwa, akasema usaili ni batili kwa sababu mwombaji amechekwa na kuhukumiwa kwa lugha, na lugha imeandikwa. Walimuuliza nani kamwambia. Akarudia kwamba imeandikwa. Akashikilia hapo hapo mpaka wakaufuta. Ndugu za yule kijana wakaja getini kutaka kujua kwa nini Mturkana mwenzao amemnyang'anya mtoto wao kazi kwa ajili ya Mkongo. Wakongo wakaja kuniuliza kama sasa kazi ni yangu. Haikuwa ya mtu. Ofisi kuu iliona kelele zimezidi, ikairudisha nafasi Lodwar na haikutangaza tena. Motisha yangu ikaisha kwa kuwa kazi yenyewe haikuwapo tena Kakuma. Mkataba wa Madam nao ulipofika mwisho haukuongezwa. Haki ilitendeka, na sote tukabaki mikono mitupu. Mama alikichukua kikwembe chake, na mimi nikafungua kibanda sokoni cha kuwaandikia watu maombi ya kazi kwenye kompyuta.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka huu, nilipokwenda Lodwar kuhuisha kibali ambacho sijakitumia. Nilimkuta kwake barazani saa za mchana, miguu peku kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akimenya viazi kwenye sufuria. Alikuwa amekonda. Alinisalimia mpaka akamaliza nyumba nzima, mama, mdogo wangu, majirani, kibanda. Nilimwacha aseme. Kisha nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kulipata kwa mtu.

"Madam, ulijuaje walichosema? Nani alikuambia?"

"Hakuna mtu." Aliendelea kumenya. "Nilikuwa nyuma ya kontena, pale kwa kivuli. Dirisha ilikuwa wazi."

Nikasogea karibu na sufuria.

"Ulisikia yote?"

"Yote. Ulijibu vizuri. Miaka yangu yote sijasikia mtu anajibu vile."

"Na ulisikia wakicheka."

"Nilisikia."

"Na hukuingia."

Aliweka kisu chini akajifuta mikono kwenye leso. "Ingekuwa mtu mwingine, ningeingia. Ningeangusha hiyo nguo na kufukuza wote mpaka Lodwar. Lakini ilikuwa wewe. Wangesema nimeingia kwa sababu ni wewe."

"Na ingekuwa kweli?"

"Ingekuwa kweli," akasema.

Alilisema kwa sauti ya chini, akinitazama bila miwani, na naamini aliona kwamba ananipa kitu. Na kwa kweli nilikuwa nimekingoja miaka mingi. Lakini nilikumbuka watu wote niliowahi kuwaita kuingia kontena ile, wa magongo, wajawazito, wenye majina ya kila namna, na kila mmoja Madam alikuwa upande wake. Ni mmoja tu aliyemsikia akichekwa akamwacha peke yake, nami ndiye, kwa sababu ya vile nilivyokuwa kwake. Hilo nalo lina jina kwenye sheria yake, na analijua kwa moyo kuliko mimi. Sikulitaja. Nilichukua kisu kingine, tukamaliza viazi.